Perege Waliobaki Bwawani

Nilipopelekwa kwenye kijiji cha Ujamaa upande wa Ntalikwa, watu hawakujua waniite nani. Mtaalamu aliyenitangulia alikuwa mwanamume, wakimwita bwana samaki, na hawakuwa wamewahi kumwona bwana samaki aliyejifunga kanga. Mwenyekiti wa kijiji akaamua nami niitwe bwana samaki hivyo hivyo. Nikaitika. Nilikuwa na cheti changu na baiskeli ya serikali, na wa kunizuia kuingia majini hakuwepo.

Kijiji kilikaa kando ya njia ya zamani ya misafara, na wenyeji hawakukuacha uisahau. Babu zao waliwalisha wapagazi waliokuwa wakienda na kurudi pwani, na wao walijisifu kwamba mgeni hapiti kwao na njaa. Bwawa la perege lilipochimbwa kwa nguvu za wote, desturi hiyo ikahamia majini. Kila alipokuja mkubwa wa wilaya au wa mkoa, wavu ulitupwa, na samaki mnene kuliko wote akapikwa kwa ajili yake. Na wakubwa walikuja sana, maana bwawa letu lilikuwa la kuonyeshwa.

Samaki wanene wakiliwa, wanaobaki kuzaa ni waliodumaa. Watoto wakadumaa, na wajukuu nao. Mwenyekiti alilalamika kwamba tuliletewa mbegu mbovu. Nilimwambia mbegu ilikuwa nzuri, ila tumeila. Hakufurahi, wala sikuwa nimesema ili afurahi.

Kipupwe kimoja maradhi yakaingia. Perege walielea ubavu ubavu, ngozi ina vidonda vyekundu, mapezi yamelika. Kila asubuhi wanawake wa kamati ya bwawa waliwaokota kwa matenga, tukaenda kuwafukia mbali. Maradhi yalipoisha walibaki wachache. Baadhi walikuwa na makovu, wengine ngozi safi kana kwamba hawakuwahi kuyaona maradhi, na kati yao walikuwemo wenye migongo mipana ambao sikuwa nimewaona tangu nifike. Niliwapenda samaki wale mpaka nikajionea aibu.

Nikamwambia mwenyekiti hakuna kuvua mpaka hawa wazae. Nilimweleza kwamba miili yao ina kinga, na huenda watoto wao wataipata. Yeye alikuwa mtu mzima, uso wake umejaa makovu ya ndui. Akayagusa.

"Mimi ndui ilinishika, nikapona, haikunirudia," akasema. "Lakini mwanangu wa kwanza ilimshika vilevile. Sasa kovu la samaki litamsaidia nini mtoto wake?"

Alisema kweli. Kinga ambayo mwili umejifunza kwa kuugua hairithiwi, na mimi katika haraka yangu nilikuwa nimeichanganya na ile ya kuzaliwa nayo. Nikamuuliza kama katika nyumba yao hapakuwa na mtu aliyelala mkeka mmoja na wagonjwa asipate hata kipele. Akafikiri, kisha akamtaja mama yake mdogo.

"Basi huyo ndiye ninayemtafuta bwawani," nikamwambia. "Alizaliwa nayo. Kwa sura simjui. Nitamjua kwa watoto wake."

Nikadhani tumeelewana. Kisha ikaja habari kwamba mkubwa mmoja kutoka mkoani atapita kukagua maendeleo, na mwenyekiti akageuka. Alisema hawezi kuwa mtu wa kwanza kwenye njia ile kumpa mgeni wa heshima kuku kama wa kila nyumba, na bwawa analo. Nilimsihi, nikamweleza upya, akaniambia samaki mmoja tu. Mmoja tu! Kwa mmoja tu, mmoja tu, ndivyo tulivyokuwa tumefika pale. Nikachukua wavu, nikaufungia ndani kwangu, nikafunga ufunguo kwenye pindo la kanga, nikaenda kukaa juu ya tuta la bwawa.

Mgeni aliletwa hadi pale. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa ncha ya ulimi. Akauliza kama ni kweli kuna msichana anawanyima wananchi mali yao.

"Ni mali yao, ndugu," nikasema. "Hata mahindi ya mbegu yanayoning'inia juu ya moshi jikoni ni mali ya mwenye nyumba. Lakini hathubutu kuyachoma akala."

Wanawake wa kamati wakacheka ndani ya kanga zao. Yeye hakucheka. Aliniambia nimekiaibisha kijiji na kwamba nitasikia. Hasira ilinishikilia wima, nikamjibu kwamba masikio ninayo. Akala kuku. Sikuomba radhi siku ile, na leo nimezeeka bado siombi.

Nikaambiwa nitahamishwa. Uhamisho ulichelewa, kama vitu vingi vya wakati ule, na ucheleweshaji huo ulikuwa bahati yangu. Mvua zikaja, perege wakazaa, vifaranga wakakua. Kipupwe kiliporudi, maradhi yakarudi nacho. Bwawa la kijiji jirani, lililojazwa vifaranga wapya kutoka mbali, likanuka mizoga. Kwetu waliokufa hawakujaza tenga moja. Maabara sikuwa nayo, na huenda maji yalitofautiana. Anayeniuliza namwambia hivyo. Lakini samaki walikuwa hai, tena walikuwa wakinenepa. Mkoani walisema ni kazi nzuri ya chokaa ya kutibia maji. Chokaa yenyewe hatukuwahi kuletewa.

Siku ya kuagwa, nusu ya kijiji ilikaa uani kwa mwenyekiti. Nilikuwa nimekwishajiandaa moyoni. Nilijua watanipa perege, nilistahili perege, na kwa mara ya kwanza nilitamani kumla mmoja wa wale niliowapigania. Chungu kikafunuliwa. Kulikuwa na kunde.

Mwenyekiti akanawa mikono, akanitazama bila kupepesa. "Wavu umefungiwa," akasema. "Bwawa hili halimpi mgeni samaki, na wewe kuanzia leo ni mgeni."

Nikakata tonge. Nilikula kunde zile zote, nikaomba nyingine.