Kopo la Haboba Maimunah

Habari za yule bibi wa Kibuli, Adoch alizipata kwenye kamba za nguo, kambi ya polisi ya Nsambya. Jirani yake Akwero alizitoa huku akikamua suruali ya kazi ya mumewe, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya nyanya. Alisema kuna mzee wa Kinubi, Maimunah, anakusanya tyubu za dawa za watoto wachanga. Ukimpelekea yako anaisomea, kisha anaitia kwenye kopo, na haitoki tena. Na mtoto ambaye tyubu yake imo koponi, meno yake nayo yamefungwa humo humo. Yuko mmoja kule Nateete ametimiza mwaka, na ufizi wake bado mtupu kama mdomo wa kuku.

"Lisemwalo lipo, Mama Ojera," Akwero alimalizia, akaitandaza suruali.

Mgongoni mwa Adoch, mwanawe Ojera, mwenye miezi mitano, alikuwa analia kile kilio cha siku tatu mfululizo. Mate yalikuwa yameloanisha gauni la mama mpaka mabegani. Mfukoni, Adoch alikuwa na tyubu.

Ilitoka Ghuba, nchi za Waarabu. Wifi yake, Ayot, anafanya kazi za nyumbani huko, na alikuwa amempa msichana aliyerudi likizo amletee mpwa wake. Kijiboksi cha rangi ya waridi, picha ya mtoto anayecheka na jino moja, na maandishi yote ya Kiarabu. Ayot alituma na sauti kwenye simu: mpake ufizini, atalala kama mfalme. Ocira, mume wa Adoch, aliisikiliza sauti ile mara mbili, akatabasamu kwa kumkumbuka dada yake.

Tabu ilikuwa kwamba Adoch alishasikia jambo kliniki, siku ya chanjo. Muuguzi aliwaambia akina mama kuwa baadhi ya dawa za kupaka ufizi zina kitu cha kutia ganzi. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kitu hicho kinaweza kuharibu damu ikashindwa kubeba hewa. Midomo inakuwa ya kijivu, kucha zinakuwa za kijivu, na mtoto anahema kama aliyekimbia. Alimwandikia Adoch majina mawili ya kuepuka nyuma ya kadi ya chanjo. Adoch aliishia darasa la saba, lakini majina yale aliyasoma, akayarudia mpaka yakamkaa mdomoni. Na asubuhi ya siku hii, alipompelekea muuguzi tyubu, yule mama aliigeuza juu chini, akamrudishia, maana Kiarabu hakukijua. Usichokijua usimpake, alimwambia.

Kwa Adoch hilo lilitosha. Kwa Ocira halikutosha. Kabla ya kwenda zamu alifunga mkanda wake polepole, akasema dada yake hajasafirisha sumu. Akasema akirudi saa kumi na mbili atampaka mtoto kwa kidole chake mwenyewe, ili nyumba ilale.

"Niletee sababu," alisema. "Woga si sababu."

Basi pale kwenye kamba Adoch aliutazama mdomo wa Akwero uliokuwa bado unaendelea, akaelewa neno moja tu katika yote aliyosikia: anaisomea. Yupo mtu anayezisoma. Alimkaza Ojera mgongoni, akatelemka bondeni, akavuka reli, akaanza kuupanda mlima wa Kibuli kwa miguu. Jua lilikuwa utosini.

Haikuwa kazi kumpata. Kila aliyeulizwa alimwita Haboba, ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi, na alinyoosha mkono nyuma ya msikiti. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, anasuka kawa la kufunikia chakula, la rangi nyekundu na kijani. Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja. Upande wa pili umefungwa kwa uzi. Kando yake, juu ya dirisha, lilikuwapo kopo la maziwa ya unga. Adoch aliliona kabla hajamwona mwenyewe vizuri.

Alisalimia, akakaribishwa, akapewa maji. Bibi hakuuliza shida. Aliuliza anakotoka, na aliposikia kambini Nsambya uso ulimfunguka. Alikuwa ameishi humo miaka kumi na tisa, mke wa koplo, akipikia mesi, bwalo la askari. Babu yake alikuwa askari, baba yake mpiga tarumbeta wa polisi, mumewe polisi; yeye peke yake, alisema, ndiye hakupewa sare, ila ndiye aliyezifua zote. Akauliza kama ule mfereji wa getini bado unakoroma kabla ya kutoa maji. Adoch alisema bado. Wakacheka, na Ojera akanyamaza kidogo kusikiliza.

Kisha Adoch akaitoa tyubu na kijiboksi chake.

"Haboba, nataka kujua kilichomo. Lakini nitarudi nayo nyumbani."

"Umeambiwa nafunga meno," bibi alisema. Alifumbua mdomo na kuonyesha mapengo. "Haya yangu yamenitoroka yote. Ya watu ningeyawezaje?"

Alinawa mikono kwanza. Aliishika tyubu karibu na jicho la kulia, akasoma maandishi makubwa ya mbele, akaeleza kuwa yanasema ya watoto. Akaishusha.

"Hapa ndipo niliposimama mara ya kwanza," alisema.

Akamweleza. Miaka minne iliyopita jamaa alirudi kutoka hija na tyubu kama ile, ya mjukuu wake Hamim. Yeye Kiarabu chake ni cha madrasa na cha nyumbani, lakini kinatosha. Alipoona herufi zilezile za Kitabu, aliibusu. Kitu kilichoandikwa kwa herufi zile kingemdhuru vipi mtoto? Akasoma mbele, ya watoto, akamwambia mkwewe apake. Mtoto akalia, wakampaka tena. Haikupita saa moja midomo ya Hamim ikawa rangi ya majivu. Walimkimbiza hospitali kwa bodaboda, bibi akiwa bado ameishika tyubu kiganjani, na daktari aliyekijua Kiarabu, akaisoma nyuma, ndiye aliyetambua amtie nini mshipani. Hamim alipona. Sasa yuko shule, ana meno ya kuwauma ndugu zake.

"Herufi hazikunidanganya, mwanangu. Mimi ndiye ambaye sikufika mwisho. Sasa nafika."

Akatoa kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye leso, akaanza upande wa nyuma. Alisoma kama mtu anayechambua mchele, chembe kwa chembe, midomo ikitembea. Adoch aliikunjua kadi ya chanjo juu ya goti. Maneno mengi yalipita bila maana: maji, sukari, kitu cha harufu. Halafu bibi akakwama, akarudi nyuma, akatamka pole pole kwa vipande: "Bin. Zo. Ka. In."

Adoch aliweka kidole kwenye kadi. Benzokaini. Lilikuwa jina la kwanza.

Bibi hakusimama hapo. Alisogea mpaka mstari wa chini kabisa, mwembamba kama msafara wa sisimizi, akausoma mara tatu ndipo akasema: asipewe aliye chini ya miaka miwili. Mbele wameweka picha ya mtoto wa jino moja. Nyuma wameandika hivyo.

Adoch aliomba kalamu. Juu ya kijiboksi, pembeni mwa maandishi ya Kiarabu, aliandika kwa herufi zake za shule jina lile, na chini yake: si kwa chini ya miaka miwili. Mume wangu ni polisi, alieleza, anataka kielelezo. Walikamua dawa yote shimoni chooni, wakaiosha tyubu kwa sabuni, na Adoch akaitia mfukoni ikiwa bapa. Bibi akamwonyesha zilizomo koponi, nazo bapa vilevile. Alisema hawezi kutupa maandishi yale, yenye herufi za Kitabu, jaani pamoja na maganda ya matoke. Ni hilo tu. Watu wameona kopo, hawakuona jaa.

Kisha alichukua kitambaa safi, akakichovya kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa kwenye mtungi, akamwambia Adoch anawe na ampe mtoto. Ojera alikitafuna kwa hasira, halafu kwa raha. Kidole safi kikisugua ufizi nacho kinafaa, bibi alisema. Na akipata homa kali usiyasingizie meno, mpeleke kliniki.

Saa kumi ilikuwa imeingia. Adoch alimfunga mtoto mgongoni. Aliinama kuaga, lakini bibi hakuuachia mkono wake.

"Jicho hili la kushoto limeshakwenda," alisema. "Mtoto wa jicho. Na hili la kulia linamfuata mwenzake. Mstari ule wa mwisho, umeona, mara tatu. Na wasichana wa Ghuba hawaachi kutuma. Shampuu, mafuta, dawa za ufizi. Wajukuu zangu wakubwa wamehama na kazi zao. Kadi umeisoma vizuri."

Adoch alisema yeye ni Mkatoliki, na shule yake ni ya darasa la saba tu.

"Sikuombi usali. Nakuomba usome. Herufi za Kiarabu ni ishirini na nane, sahani nilizoosha mesi kwa siku zilikuwa nyingi kuliko hizo. Njoo Jumanne na mtoto wako na daftari, nikufundishe wakati jicho hili moja bado liko wazi."