Maua ya Jalila na Nambari Iliyotoka na Sahani

Mkimwona mtu mtaani Bombolulu amevaa kofia ya mkono yenye ua la kutuliza macho, mwombeni aivue muangalie ndani ya ukingo. Mkikuta vitobo vitatu vidogo vimepangwa kama mafiga, basi ua hilo limetoka kwa mpwa wangu Jalila, na mjomba wake ni mimi, Mwidani. Nimejitaja mapema kwa sababu watu wengine huzunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenye maana.

Jalila ana miaka thelathini na sita. Mguu wake wa kushoto ulidhoofika utotoni, kwa hivyo dunia yake kubwa iko mezani, kando ya dirisha. Kazi yake si kushona. Wanaoshona ni kina mama wa mtaani, kila mmoja kwake. Yeye huchora, kwenye kompyuta. Ua likikamilika hulichapa kwenye karatasi, kina mama wakaiweka karatasi chini ya kitambaa cheupe, wakaiinua kwenye mwanga, wakalifuata kwa penseli, ndipo sindano ikaingia.

Aliyeianza kazi hii ni dada yangu Mwanatabu, mama yake, Mungu amrehemu. Aliacha sanduku la bati lenye maua mia mbili na kumi na manne. Mchwa waliligundua sanduku kabla yetu. Jalila akaanza kuyaingiza maua kwenye kompyuta, moja moja, miezi minne, na alipofika la mwisho karatasi zilikuwa zikishikwa tu zinamwagika kama unga. Basi maua yote ya dada yangu yakawa mle ndani ya mashine, na hayako kwengine.

Alasiri, jua likishalegea, Jalila hufungua ua moja akalikuza na kulikuza, mpaka kitobo kimoja kikajaza kioo kizima kama kisima. Ukingoni mwa kisima unaona mkwaruzo wa kalamu.

"Hapa mama alikohoa, mjomba," huniambia. "Na hapa kuna mtu alibisha hodi."

Mimi hulala kwenye mkeka palepale chini ya dirisha, nusu nasikia, nusu naota. Mara nyingi nimeota natembea ndani ya yale maua, vitobo vimekuwa milango, na dada yangu yuko chumba cha pili anatafuta miwani. Sijawahi kumfikia. Huamshwa na printa.

Sasa siku moja mteja alileta flashi yenye jina la bwana harusi la kutiwa kwenye ukingo. Kumbe ile flashi ilikuwa na virusi. Maua kumi na moja yakageuka vijisanduku vyeupe, ukibonyeza havifunguki. Luqman, fundi mwenye duka la kompyuta pale njia panda, alikuja akasafisha mashine, lakini yale kumi na moja hakuyapata.

"Yamebaki mia mbili na matatu," Jalila alisema. Alisema polepole, kama mtu anayehesabu watoto walioteremka kwenye mashua.

"Nunua ulinzi, dada," Luqman akamwambia. "Kuna programu inaitwa Ngao. Mwezi huu imeshushwa bei zaidi ya nusu."

Nani alikwenda kuinunua? Msiulize. Luqman alinitajia bei ambayo tayari imekatwa, nami nikamkata tena mpaka akanipa na kitambaa cha kufutia kioo. Kiboksi kizuri, cha kijani. Ndani yake hamna kitu ila kadi moja yenye herufi na nambari ishirini, na kijitabu cha maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. Kijitabu nilikiweka juu ya kabati. Maandishi ya namna ile, mimi niliyefika darasa la sita nikatoka kwa hiari yangu, najua huandikwa kwa watu wasioaminiana.

Jalila akaingiza nambari, na ya kadi yake ya benki kama mashine ilivyotaka. Duara la kijani likaanza kuzunguka pembeni mwa kioo, taratibu, nyumba nzima ikapumua. Kwa furaha akapika mkate wa sinia, akapakua sahani za majirani, kama desturi. Mbebaji ni mimi.

Nikaanza kwa Winfred, anayepigia watu chapa barua. Nikaenda kwa Kazungu, anayeuza filamu. Nikamalizia kwa Rashad, kinyozi, ambaye kompyuta yake huwaimbia wateja taarabu. Na kila mlango niliobisha, pamoja na sahani nilitoa kadi mfukoni.

"Andika hii nambari," nikasema. "Ni ulinzi. Mpwa wangu amenunua."

"Hata sisi tutumie?" Winfred akauliza.

"Mama, ukikopa moto kwa jirani, wa jirani unapungua?"

Nilirudi nyumbani natembea kama niliyeujengea mtaa ukuta. Nililala usingizi mzuri kuliko siku zote.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja Jalila alikuwa anatayarisha kofia arubaini za harusi. Alichomeka flashi ya mteja, na ndipo alipoona duara limekuwa jekundu. Limesimama. Chini yake kuna maneno: nambari hii imetumika kupita ilivyoruhusiwa, ulinzi umesitishwa. Akaichomoa flashi, akazima mashine, akaweka viganja viwili juu yake kama unavyomwekea mtoto mwenye homa.

"Mjomba."

"Abee, mama."

Mkubwa haitiki hivyo kwa mdogo. Ulimi ulishajua una makosa.

"Nambari umempa nani?"

"Nambari gani?"

"Mjomba Mwidani."

"Winfred," nikasema. "Kidogo tu."

"Nambari hutolewa kidogo?"

"Na Kazungu. Na Rashad. Jalila, ningewapa mkate mtupu?"

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alivuta gongo lake, akaenda kuchukua kile kijitabu juu ya kabati, akakipangusa vumbi kwa kitambaa changu cha bure, akakaa dirishani kusoma. Alisoma tangu asubuhi mpaka kivuli cha mpapai kilipohama kutoka ukutani hadi mlangoni. Kompyuta ilikuwa kimya kando yake, na hakuna aliyejua kama ile flashi ilikuwa imeshayala maua au la. Mimi nililala mkekani nikijifanya usingizi, na safari hii sikuota chochote.

"Mjomba, nyumba yako ni ya nani?" akaniuliza ghafla.

"Yangu. Mimi nimeijenga."

"Na kiwanja?"

"Kiwanja cha mwenyewe. Namlipa kila mwaka, hilo unalijua."

"Anakuruhusu ujenge nyumba ya pili uani?"

"Thubutu! Hata choo nilikiomba."

"Na kiwanja chake unaweza kumgawia Kazungu kipande, pamoja na sahani ya mkate?"

Nikakaa kitako.

"Basi na hii ni hivyo," akasema. "Hatukununua Ngao. Tumenunua ruhusa ya kukaa, mwaka mmoja. Mashine tatu, zangu na za watu wa nyumba yangu. Bei ile uliyoikata ni ya mwaka wa kwanza tu. Mwaka ukiisha wanajichukulia wenyewe bei nzima kwenye kadi yangu ya benki, nisipowakataza kabla."

"Wallahi, ni mwenye kiwanja kabisa! Lakini hapo pa watu wa nyumba yako, sasa Winfred si wa nyumba hii? Nani alikukanda mguu mwaka juzi?"

Akatabasamu, mara ya kwanza siku ile. "Walioandika hawajui Bombolulu, mjomba." Kisha akageuza ukurasa, na tabasamu likaondoka. "Na hapa wanasema, vitu vyako vikiliwa na virusi hata kama ulinzi upo, wao hawakulipi. Hawaahidi. Wanajaribu tu."

Luqman aliandikia kampuni kwa simu. Wakajibu kwamba mashine saba zinatumia ile nambari. Saba! Kazungu alikuwa amempa binamu yake Kiembeni na shemeji yake Port Reitz. Waliotumia bila haki waiondoe, wakasema, ndipo watafungua tena. Mpaka hapo Jalila akaapa haiwashi mashine.

Basi nikaanza safari ambayo siwaombei. Kumwendea mtu kumwambia rudisha nilichokuletea na chakula, kwetu sisi ni kama kumdai tonge aliloshameza.

Kazungu alinisubiri na kicheko. "Ehe, mzee wa ulinzi! Leo umekuja kudai na mkate?"

"Futa nambari, Kazungu. Na uwapigie wenzako wa Kiembeni na Port Reitz."

"Si ulisema moto wa jirani haupungui?"

"Huu unapungua. Nilikosea."

Akanitazama sana. Nadhani hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu, maana hata mimi lilinishangaza. Nikamweleza habari ya maua ya Mwanatabu na ile mashine iliyozimwa. Alifuta palepale, akapiga simu mbili, akawatukana shemeji na binamu kwa upendo. Winfred naye alifuta zake mbili, akaniuliza tu, "Jalila amekula leo?"

Rashad alifuta wa mwisho, huku mteja amekaa na nusu ya ndevu. Halafu akaingia ndani, akatoka na sahani yetu. Ilikuwa bado kwake, kwa sababu sahani ya jirani haiwezi kurudi tupu, na mtu asiye na mke hukaa nayo mpaka apate cha kutia. Ndani yake alikuwa ameweka kofia ya marehemu babake, kuukuu, rangi ya chai.

"Nilikuwa sina cha kutia," akasema. "Mpelekee akaone. Babangu alisema aliitoa kwa Bi Mwanatabu."

Nikaipeleka. Jalila aliigeuza ndani nje, akavipata vitobo vitatu vya mafiga, kisha akaanza kulifuata ua kwa kidole. Upande mmoja ulikuwa umelika kabisa. Kidole kikafika pale palipolika, kikaendelea kwenda hewani, kikipinda panapopinda, kikapita juu ya goti lake, kikarudi.

"Hili ni moja katika yale kumi na moja," akasema. Akachukua kalamu.

Siku ya tatu Ngao ikafunguka. Luqman alikuja kuiwasha mwenyewe. Duara la kijani likazunguka, likatafuta kila pembe. Jalila alifumba macho, na mimi, mtu mzima, nikashika ncha ya gongo lake. Maua yakaanza kutokea kwenye kioo safu kwa safu, meupe, meusi, kama watu wanaotoka uani mmoja mmoja baada ya mvua. Luqman akahesabu kwa sauti. Mia mbili na matatu.

"Na hili," Jalila akasema, akaingiza la mia mbili na nne.

Halafu akaanza kuyachapa yote, mara tatu. Printa ilifanya kazi mpaka jioni, karatasi zikimwagika mapajani mwake, naye akizipanga mafungu matatu na kuzitia kwenye bahasha za kaki. Kwenye ukuta aliandika kwa kalamu tarehe leseni itakapokwisha, na chini yake: wakatazwe kabla. Nikamwuliza bahasha ni za nani.

"Ya Winfred, ya Kazungu, ya Rashad. Wawekee mahali pakavu." Akazilaza juu ya ile sahani iliyotoka kwa Rashad, akanikabidhi. "Hizi gawa, mjomba. Hizi ni zangu."

Nilitoka nazo polepole sana, nimezishika kwa mikono miwili, na njiani kila aliyeniuliza nimebeba nini nilimjibu nimembeba dada yangu.