Wimbo wa Kumuaga Mjumbe

Mama Byaombe ndiye aliyeongoza bamama kuimba kila mkubwa alipofika mjini Baraka. Mwaka juzi mama yake alifariki kijijini Lubondja, naye akampigia simu mjumbe mpya wa gavana, aliyekuwa njiani kuja kukaa Baraka, akiomba ruhusa ya kwenda kuzika.

"Utaenda nikishapokelewa," mjumbe alisema. "La sivyo, usahau meza yako sokoni."

Walimngoja juani hadi alasiri. Gari la Lubondja likaondoka, na mama yake akazikwa bila yeye.

Mwaka huu uchaguzi wa mkoa ulimwangusha gavana. Asubuhi mjumbe alipotoka na masanduku yake kuwahi gari la Uvira, bamama thelathini walikuwa wameziba lango la nyumba yake, ngoma mikononi. Mama Byaombe akaanzisha wimbo uleule waliolazimishwa kuimba siku ile, wenye beti kumi na mbili za ahadi za gavana: maji ya bomba, daraja, hospitali. Kila ahadi ilipotajwa, majirani waliangua kicheko.

Kwenye ubeti wa tano, honi ililia barabarani.

"Mama, gari inaniacha!"

"Simama, Mheshimiwa. Hata mi iliniachaka. Na mi nilikuwa naenda kuzika."

Gari likaondoka. Mama Byaombe akawageukia wenzake.

"Bamama, turudilie mwanzo."