Sabufa ya Mzinga

Ndugu yangu, kuna watu wakisikia besi nzuri hucheza. Mimi huona wivu. Juzi nilishuka Same, nikachukua bodaboda ya kunipandisha nyumbani milimani, na kijana alikuwa amefunga spika chini ya usukani. Ilipoanza kudunda nikakunja uso mpaka akaniona kwenye kioo. "Vipi braza, nipunguze?" Nikamwambia acha tu. Ningemweleza nini? Kwamba kuna sabufa moja iliwahi kuninyang'anya bibi yangu?

Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa, kwenye migomba na mashamba ya tangawizi, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia jikoni bila kupiga hodi. Bibi alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisani tangu usichana wake, lakini mimi nilipopata akili masikio yake yalikuwa yamekwisha. Kumsalimia ilibidi umshike mkono kwanza, useme shikamoo ukimtazama, naye akuitikie marahaba kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Kanisani alikaa akitazama midomo ya wanakwaya. Siku moja, akichambua maharage ya makande, alituambia, "Siku hizi wanaimba kama samaki." Tukacheka. Yeye hakucheka.

Sasa, jirani yetu alikuwa na mtoto wa kiume, rika langu, tumesoma darasa moja. Likizo moja alikwenda Mwanga kwa mjomba wake, fundi redio, akarudi na spika ya besi iliyong'olewa kwenye gari bovu. Akaiundia kisanduku cha mbao, kidogo tu, unakibeba kwapani. Akaziba kila ufa kwa gundi na unga wa mbao, akaacha tundu moja lenye kipande cha bomba la kutolea upepo, akaunganisha na betri ya sola. Lo! Kile kisanduku kilikuwa na besi inayotoka chini ya ardhi. Bibi alikuwa amepita kwao kupeleka mbegu za maharage, akakaribishwa kwenye benchi kando ya kisanduku. Wakawasha nyimbo za kwaya, na zile sauti nene za wanaume zikampanda kuanzia miguuni. Akapiga kelele, "Nawasikia! Jamani, nawasikia!"

Tangu siku hiyo Jumapili yangu ilikwisha. Zamani tukitoka ibadani tulikaa jikoni mimi na yeye, makande na chai ya tangawizi, akinisimulia habari za marehemu babu na mizinga yake ya nyuki. Sasa alijipakulia sahani, akaifunika kwa nyingine, akavuka mfereji kwenda kwa jirani. Yule mtoto alimwita "fundi wangu." Mimi aliniita jina langu, kama watu wote walivyoniita. Nilikuwa nawasikia wakicheka huko, na wivu ukiniwaka, nakwambia, chai naimwaga.

Nikaapa kuunda sabufa yangu, ndogo kama ile, ila yenye besi nzito zaidi, bibi arudi nyumbani. Mbao sikuwa nazo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mzinga wa babu, gogo lililochimbwa ndani, ambao nyuki waliuhama alipofariki. Nikamwomba bibi. "Chukua," akasema, "nani atautundika tena?" Nikaukata ukabaki mfupi kama ndoo. Mama aliposhusha tangawizi sokoni Same, akaniletea spika. Nikaipachika upande mmoja, upande wa pili nikapigilia ubao, ndani nikabandika sponji ya godoro kuukuu. Gundi sikuwa nayo, lakini kwetu nta haikosekani, kwa hiyo nikaiyeyusha na kuziba nyufa zote. Mwisho nikaweka bomba.

Jumamosi jioni nikaiwasha. Weee! Vikombe vilitembea kabatini. Mtoto wa jirani alikuja, akasikiliza, akaduwaa, akasema tu, "Iko poa," akaondoka zake. Siku hiyo nililala na raha zangu. Sabufa niliiacha barazani ili nta ishike vizuri.

Kesho yake tulirudi kutoka kanisani nimemshika bibi mkono, nimeshamweleza kwa ishara kwamba leo besi ni kwetu. Tulipofika kwenye mfereji nikasikia mvumo. Nikadhani nimesahau kuzima. Kumbe, ndugu yangu, kundi zima la nyuki lilikuwa linaingia kwenye bomba langu! Gogo la mzinga, harufu ya nta, tundu dogo, giza ndani: nyuki angetaka nini tena? Mtoto wa jirani alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Mimi nikakimbilia jikoni kuchukua kijinga cha moto niwafukize. Bibi akanidaka shati.

"Nyuki wa babu yako wamerudi wenyewe, halafu wewe unataka kuwafukuza kwa ajili ya muziki?"

Machozi yalikuwa yanamtoka. Alisimama akiwatazama mpaka wa mwisho alipoingia. Kisha akaenda jikoni, akapakua makande, akafunika sahani, akavuka mfereji kwenda kwa fundi wake.

Sikuunda nyingine. Bibi alifariki kabla sijamaliza shule. Siku hizi kwaya zinasikilizwa kwenye simu, kila mtu na waya zake masikioni, mizinga ya magogo huioni tena, na jiko letu limebaki kuta. Safari hii nilimkuta mtoto wa jirani shambani, baba mzima mwenye kitambi, anavuna tangawizi. Tukasalimiana, tukakaa kwenye tuta. Nilipomtaja bibi akatingisha kichwa.

"Wewe ulikuwa unanikera sana," akasema. "Mimi nawasha besi, yeye ananisimulia habari zako. 'Mjukuu wangu amewarudisha nyuki wa mzee wangu.' Kila Jumapili hayohayo, na asali ananionjesha. Ikafika mahali na mimi nikatega mzinga nyuma ya nyumba, nikaupaka nta kama ulivyofanya. Hakuja nyuki hata wa dawa."

Tukacheka sana. Halafu, katikati ya kicheko, wivu ukaniwaka upya kama nina miaka kumi. Maneno hayo bibi hakuwahi kuniambia mimi. Alimwambia yeye.