Ubao wa Kumi

Siku hizi mtu akipasua gogo, mbao zote ni zake, na vumbi lake pia. Mzee Randa hakulelewa hivyo. Marehemu baba yake, seremala kabla yake, alimfundisha kwamba katika kila mbao kumi mmoja si wako. Unautia msalaba wa chaki, unauweka kando, ni wa Bwana. Zamani maseremala wote wa mtaa ule walifanya hivyo, na hakuna aliyekufa njaa. Sasa alibaki yeye peke yake, na watu walimwona mshamba.

Kwa miaka kumi na minne alizipanga mbao hizo kwenye kona ya karakana, za mti mgumu wa rangi ya asali, akingoja kanisa jipya likamilike achonge mimbari. Kanisa likakamilika. Mchungaji, kijana wa viatu vilivyochongoka, akaja mwenyewe.

"Mzee wangu, mimbari tumeshanunua. Ya kioo."

"Ya kioo?"

"Ndiyo mtindo. Waumini wanamwona mhubiri mpaka viatu."

"Basi watasikiliza viatu."

Mchungaji akacheka, akashauri mbao ziuzwe na fedha ziletwe, maana vipaza sauti vya kanisa vilikuwa vimechoka. Mtoto wa Mzee Randa, aliyekuwa akigongomea kabati la mbao za kubandika, nyepesi kama ahadi ya mlevi, hakungoja aambiwe mara mbili. Alikuwa na mnunuzi tayari, mjenzi wa hoteli. Lori lingekuja Jumamosi.

"Nusu kanisani, baba, nusu tununue msumeno wa umeme. Mungu ana haja gani na mbao? Kwani yeye seremala?"

"Mwanawe alikuwa."

"Hapo umenipata. Lakini lori linakuja."

Mzee alikubali shingo upande. Ijumaa asubuhi alikuwa akiteremsha mbao azipime, mfua nguo alipoingia na gunia lake, kama kila mwezi. Aliishi na watoto wanne katika chumba kilichopakana na karakana. Mzee alikuwa akimpa maranda ya mbao bure, na moyoni akiyahesabu katika mema yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Jaza mpaka ushindwe kufunga. Jiko lako linakula kuliko ng'ombe."

"Jiko gani, mzee? Haya ndiyo godoro. Natandika gunia sakafuni, tunalala. Ya mwezi uliopita yamekuwa unga, na huyu wangu wa mwisho anakojoa usiku kucha."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza. Mzee Randa akainama kuinua ubao wa chini kabisa, asimwangalie usoni. Ulikuwa mwepesi mno. Ukavunjika mikononi mwake kama mkate mkavu, na mchwa wakamwagika. Msalaba wa chaki ulikuwa bado juu yake, haujaguswa. Akainua wa pili, na wa tatu. Hivyo hivyo.

Alikuwa amelinda mali ya Bwana kwa uaminifu, na waliofaidi ni mchwa. Ukuta mmoja tu ulitenganisha mbao zile na watoto waliolala chini.

"Ni tatu tu, baba," alisema mwanawe. "Za juu nzima. Mnunuzi hatajua."

"Mwambie lori lisije."

"Baba! Nimeshatoa neno langu. Na mchungaji je?"

"Mchungaji ana kioo. Nipe futi." Akamgeukia mfua nguo. "Mtoto wako mkubwa ana urefu gani?"

Mwanamke alilikumbatia gunia. "Sina cha kukulipa, mzee."

"Nitakudai vipi? Mbao si zangu."

Mwanawe alinuna mpaka saa sita. Kisha akamnyang'anya mzee patasi, akachimba matundu yeye mwenyewe, akilalamika kila nyundo inaposhuka. Jumamosi jioni vitanda viwili vilipitishwa mlangoni, kimoja kwa ubavu kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba.

Jumapili, baada ya ibada, mchungaji aliuliza habari za mbao.

"Zimeshafika kwa mwenyewe," alijibu Mzee Randa, akavaa kofia yake.

Mbao zilizobaki zikawa vitanda kabla mwezi haujaisha, kwa nyumba nyingine za mtaa ule. Safari hii alipita mlango kwa mlango akiuliza. Msumeno wa umeme hawajanunua mpaka leo, na mwanawe hachoki kumkumbusha.