Vituo Vitatu na Tangi Moja

Siku maziwa ya kituo cha Ikuti yalipomwagwa, mimi nilikuwa darasani, kwenye chuo ninachofundisha kompyuta hapa Tukuyu. Nilisimuliwa baadaye na dereva wa pikapu ya ushirika wa wafugaji. Asubuhi alishusha maziwa ya Lupepo kwenye tangi la kupozea lililopo mjini, kisha akafuata ya Ikuti kama simu yake ilivyomwelekeza. Aliporudi tangi lilikuwa limejaa. Akasubiri. Kufikia alasiri maziwa yalikuwa yamechacha, wakayamwaga kwenye mfereji nyuma ya jengo.

Programu iliyomwelekeza niliiandika mimi. Ushirika una vituo vitatu vya kukusanyia maziwa, Nkunga, Lupepo na Ikuti, na kila kituo kina karani mwenye simu. Simu inamwonyesha nafasi iliyobaki kwenye tangi. Akiona inatosha anabonyeza "tuma", na dereva anapata taarifa. Mvua ikinyesha mtandao wa Ikuti hukatika, kwa hiyo niliiacha simu iendelee kuonyesha ile nafasi iliyoiona mara ya mwisho. Wakati ule niliona nimewasaidia.

Karani wa Ikuti alikuwa mama wa makamo, mkulima wa chai na migomba, mwenye ng'ombe wawili. Aliiambia kamati kwamba simu yake ilionyesha nafasi ipo. Kamati ikaniomba rekodi za ofisini, nikawachapia. Rekodi zilionyesha kuwa alipobonyeza, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na Lupepo. Wakamwandikia barua ya kumsimamisha kwa kusema uongo, ikasomwa kwenye mkutano wa wanachama. Nilisikia habari hiyo nikiwa kwenye foleni ya benki, na niliporudi nyumbani nilisahihisha mitihani kama kawaida.

Jumamosi moja asubuhi akaja nyumbani kwangu. Nilimkaribisha, akakaa, akatoa simu ya kituo akaiweka mezani.

"Mwalimu, sikuja kukulaumu," alisema. "Nimekuja unionyeshe mahali nilipodanganya. Nimepatafuta sipaoni."

Nilikumbuka somo moja. Chuo kikuu tulifundishwa kuchora mifumo ambayo sehemu zake zinafanya kazi kwa wakati mmoja bila kuonana. Unachora miduara, kila mduara ni hali fulani, na unaweka vitone ndani yake. Kitone hakihami mpaka masharti ya kuhama yatimie. Kisha unafuata kila mpangilio wa hatua unaowezekana, hata ule unaodhani hautatokea. Nilifaulu somo lile vizuri na sikuwahi kulitumia. Niliandika programu ya ushirika kwa kukisia tu.

Nikageuza kalenda ya zamani, nikachora upande mweupe. Sikuwa na vitone, nikachukua maharage jikoni. Harage moja kwenye mduara wa tangi lilikuwa nafasi ya safari moja.

"Wewe ni Ikuti," nikamwambia, "mimi Lupepo. Sogeza pale tu sheria inaporuhusu."

Tulianza na mpangilio ninaoujua: Lupepo anatazama, anatuma, ndipo Ikuti anatazama. Hakuna tatizo. Tukaanza upya. Safari hii Lupepo alitazama, Ikuti naye akatazama, Lupepo akatuma, Ikuti akatuma. Hatua nne. Harage lilikuwa moja na kila mmoja wetu alikuwa na haki ya kulichukua.

Ningependa kusema niliona aibu palepale. Ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo, kama mtu ambaye hesabu yake imetoka. Aibu ilikuja alipouliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo ulikuwa unaweza kulijua hili kabla ya mkutano?"

"Ndiyo."

"Kwa maharage haya haya?"

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Nikamwonyesha marekebisho niliyofikiria. Karani asitazame tu, bali akamate nafasi kwanza, na mwingine asiweze kuikamata mpaka iachiwe. Pikapu nayo ilikuwa moja, kwa hiyo nayo ikamatwe hivyo hivyo. Nilichora miduara miwili, mmoja wa tangi na mmoja wa pikapu, nikaridhika.

Yeye hakuridhika. Alisogeza maharage kwa muda mrefu, akicheza peke yake upande wa Ikuti na upande wa Lupepo. Mwisho akaniita nitazame.

"Lupepo amekamata gari, anasubiri tangi. Mimi nimekamata tangi, nasubiri gari. Sasa nani anaondoka?"

Hakuna aliyekuwa anaondoka. Maziwa ya vituo vyote viwili yangechachia vituoni, wala hakuna ambaye angepiga hatua isiyoruhusiwa.

"Na ukimwambia kila mtu aanze na tangi?" akauliza. "Asiguse gari kabla hajapata tangi?"

Tulijaribu kila mpangilio tulioweza kuufikiria, tukamwongeza na Nkunga. Mfumo haukukwama tena. Ilikuwa saa saba mchana.

Wiki iliyofuata niliibeba kalenda ile kwenye kamati. Mwenyekiti, mfugaji mtu mzima ambaye nyumbani kwake hakizungumzwi ila Kinyakyusa, aliyatazama maharage bila kuyagusa.

"Kwa hiyo mwongo ni simu?"

"Hapana, mzee. Simu ilisema ilichokijua. Kosa ni langu. Niliiacha iseme habari ya zamani kama ya sasa."

Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti akasema, "Ndaga, mwalimu," yaani asante, na wakaniomba nitoke nje.

Walimwita karani wa Ikuti arudi kazini. Akakataa. Alitaka barua ya kwanza ifutwe kwa barua nyingine, nayo isomwe mbele ya wanachama walewale. Baadhi ya wajumbe waliona anazidisha. Hata hivyo ilisomwa, siku ya mvua, watu wakiwa wamejibanza chini ya bati. Aliisikiliza amesimama. Ilipokwisha akaomba nakala, akaikunja, akaenda kufungua kituo.

Mimi sikuandikiwa barua yoyote. Nilitegemea itakuja, na kwa wiki kadhaa kila simu ya mwenyekiti ilinishtua.

Programu mpya ni ya polepole na makarani wa Nkunga huilalamikia kila tukikutana. Maziwa bado humwagwa mara mojamoja, umeme ukikatika au barabara ikididimia, maana hayo hayamo kwenye mchoro. Ninapotaka kubadilisha kitu chochote namwomba karani wa Ikuti aje kwanza. Tunakaa mezani, ananipa upande wa Lupepo, na kazi yake ni kutafuta namna ya kunikwamisha. Mara nyingi anaipata.