Muleba wagoma kuangalia muvi: steringi kamuoa ndugu yake

Jumamosi, saa tisa alasiri, ndani ya kibanda umiza cha kuonyeshea muvi kilichoko nyuma ya soko la Muleba, steringi wa muvi anafunga ndoa na hakuna anayeshangilia.

Kwenye runinga bibi harusi kavalishwa maua mpaka macho hayaonekani. Ngoma zinalia. Lakini kwenye mabenchi watu wameganda, na mwanamke aliyeshika maiki pembeni ya runinga kaganda kuliko wote.

"Ma Felicitas," inasikika sauti nzito kutoka benchi la mbele. "Huyo anayeolewa si ndugu yake?"

Mwenye maiki anaigonga-gonga kama imeharibika.

"Nakuuliza, waitu. Si wewe mwenyewe ulituambia hawa ni wa ukoo mmoja?"

Anayeuliza ni Mzee Bartholomayo, mkulima wa kahawa ambaye hajawahi kukosa muvi ya Jumamosi tangu kibanda kifunguliwe. Felicitas anajaribu bahati yake.

"Tulieni jamani, tulieni! Hii siyo harusi. Hii ni... hii ni kipaimara!"

"Kipaimara gani wanaingizwa chumba kimoja?" anapiga kelele Jamali, dereva wa bodaboda, na hapo ndipo kibanda kinapolipuka.

Mzee Bartholomayo anavaa kofia yake. "Mimi siangalii laana," anasema, anatoka. Benchi zima linamfuata. Halafu la pili. Muvi inaisha Felicitas akiwatafsiria wanawake wawili na mtoto aliyelala.

Sasa, ilifikaje huko? Hapo ndipo penyewe.

Felicitas, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kimwani, ni mtafsiri wa muvi. Watu kwenye runinga wanaongea Kihindi, Kikorea au Kichina, yeye anashika maiki na kuwaeleza wateja kinachoendelea, Kiswahili kikiwa kimechovywa kwenye Kihaya. Kiingilio ni shilingi mia tano, na siku kibanda kikijaa yeye anaondoka na elfu sita.

Na Kihindi anakijua?

"Najua ndiyo na hapana," anasema, akicheka mpaka anajishika mbavu. "Mengine nasoma usoni. Mtu akikasirika amekasirika tu, hasira haina lugha."

Kila mtafsiri ana mbinu yake. Ya Felicitas ni kuwafanya watu wa kwenye muvi wawe majirani. Anawapa majina ya hapa hapa, anawapa mashamba ya migomba, anawagombanisha kwa mipaka. Steringi wa muvi hii alimpa jina la Kamala, na mji mzima ukampenda Kamala.

Basi katika sehemu ya kwanza, iliyoonyeshwa kabla ya hii yenye harusi, Kamala anakaribishwa chakula, analetewa samaki, anasukuma sahani. Kwa nini aliisukuma, hakuna anayejua. Pengine alikuwa ameshiba. Felicitas wala hakufikiri: "Kamala hali kamongo! Ni muziro wake!" Kibanda kikacheka. Dakika chache mbele, binti wa nyumba ile naye akaisukuma sahani yake. "Na huyu naye hali! Kumbe ni ukoo mmoja!" Watu wakacheka mpaka benchi likavunjika mguu.

Kwa Wahaya kila ukoo una muziro, yaani mnyama au chakula ambacho hawakigusi. Mkiwa na muziro mmoja nyie ni ndugu, na ndugu hawaoani. Hakuna msamaha, hata uwe steringi.

"Nilikuwa nachekesha tu," anasema Felicitas. "Ningejuaje kama wataleta sehemu ya pili? Na ningejuaje kama ndio wataoana? Ile ya kwanza walikuwa hata hawasalimiani!"

Jumatatu mwenye kibanda, Yunus, akampigia simu. Yunus ana duka la simu mjini Bukoba, muvi zote zinatoka kwake. Felicitas akapanda gari akaenda.

"Dada Felicitas, wallahi nakuheshimu," Yunus alimwambia. "Lakini ninazo muvi zimeshatafsiriwa Dar, sauti iko ndani tayari. Hazihitaji maiki, hazihitaji mtu. Jumamosi ijayo kibanda kikiwa kitupu, naweka hizo."

Kazi hiyo ndiyo inayolipa chakula cha watoto shuleni. Na zaidi ya hela, anasema Felicitas, ni kazi pekee ambayo akiamka asubuhi anaikumbuka kabla ya kukumbuka matatizo.

Akaomba apewe muvi nyingine ya Kamala, labda humo atapata pa kujitetea. Yunus akachomoa flashi. "Ipo mpya. Lakini hii si ya tatu. Hii wameanza upya."

"Wameanza upya nini?"

"Stori. Kamala yule yule, ila safari hii anaigizwa na mtu mwingine."

"Kwa hiyo ni yule au siyo yule?"

"Ni yule, lakini siyo yule."

"Na ile ya kwanza imefutwa?"

"Haijafutwa, ipo."

"Sasa baba yake aliyekufa kwenye ile ya kwanza?"

"Humu yuko hai."

"Bosi, unanitania."

"Dada, hata mimi sielewi. Mimi nauza tu."

Wakaiweka kwenye kompyuta ya dukani. Mafuriko. Mzee anaingia kwenye maji, anatoka na kikapu, ndani ya kikapu kuna mtoto mchanga. Mtoto ndiye Kamala. Felicitas akapiga yowe, mteja aliyekuwa anachagua chaja akakimbilia nje.

"Kaokotwa!" alipiga kelele. "Bosi, kaokotwa! Huyu si wa ule ukoo!"

Wiki nzima Jamali alizunguka na pikipiki yake akitangaza bila kulipwa: Kamala siyo mtoto wa pale, njooni Jumamosi. Na Jumamosi inafika, mabenchi yamejaa, wengine wamesimama. Yunus mwenyewe katoka Bukoba, amekaa mlangoni, zile muvi za Dar ziko kwenye flashi mfukoni mwake.

Muvi inaanza na matatizo yanaanza nayo.

"Huyu siyo Kamala," anasema mtu wa nyuma.

"Ni Kamala," anasema Felicitas kwenye maiki.

"Kamala ana kidevu kirefu."

"Kilikuwa hakijarefuka! Hapa tumerudi nyuma, bado kijana."

"Nyuma wapi, Ma Feli, mbona ana simu ya kupangusa? Kwenye ile ya kwanza alipiga simu ya kuzungusha!"

Felicitas anafumba macho. Anasema, "Alikuwa na hela halafu akafilisika," na watu wanaguna, lakini wanakaa.

Hata kabla ya mafuriko maoni yameshaanza kupishana. "Siku hizi hawatungi, wanarudia," analalamika Jamali. "Ni kama kiporo. Ukipasha mara moja kitamu, ukipasha mara ya tatu unatafuta dawa ya tumbo."

"Mimi napenda kurudiwa," anamjibu Mzee Bartholomayo. "Mke wangu ni yule yule mwaka wa arobaini, nimelalamika?"

"Wewe hujalalamika, Ta Bartholomayo. Yeye je?"

Kisha kikapu kinatokea majini. Felicitas anashusha sauti, anakitafsiri kile kikapu polepole kama anakibeba yeye. Mtoto kaokotwa. Ukoo wake haujulikani. Samaki hakumla kwa heshima tu ya waliomlea.

Macho yote yanamgeukia Mzee Bartholomayo. Anatafuna punje zake za kahawa, hana haraka.

"Muziro wa kulelewa siyo damu," anasema hatimaye. "Anaweza kuoa."

Shangwe! Mpaka Jamali anauliza, "Sasa damu yake ni ya nani? Na ikiwa aliyempoteza ndiye mama wa yule binti?"

Ikawa vurugu. Benchi moja linasema ndoa ni halali, lingine linasema ivunjwe, mama mmoja anasema binti arudishwe kwao kwanza watu wachunguze. Muvi inaisha na hakuna aliyeiona inaisha. Umeme unakatika, wanaendelea kubishana gizani, kisha nje juani, kisha njiani.

Yunus anabaki ameshika flashi yake.

"Hizi za Dar zikiisha, watu wanakwenda kwao," anamwambia Felicitas. "Hawa hawaendi. Baki na maiki. Lakini ya tatu inakuja, na safari hii uiangalie kwanza nyumbani kabla hujafungua mdomo. Umenielewa?"

Felicitas anaitikia, ila hajatulia. Miaka yote ameziona muvi kwa mara ya kwanza pamoja na wateja wake, akishtuka wanaposhtuka.

"Nikijua mwisho, nitawadanganya kwamba naogopa," anasema akizungusha waya wa maiki mkononi. "Nisipojua, nitaozesha ndugu tena."

Anawaza. Huko nje bado wanabishana, na sauti ya Mzee Bartholomayo iko juu ya zote.

"Nitaangalia nusu," anasema. "Hiyo nyingine tutashangaa wote."